Nondo ya Mrama, Wala Si Kizuia-Myumbo

Katika orodha moja ya istilahi za ufundi wa magari inayopita mkono kwa mkono, ile nondo ya chuma inayozuia bodi ya gari isilale kwenye kona imepewa jina la "kizuia-myumbo". Orodha nyingine, kazi ya watu wengine ambao bila shaka nao walikunywa chai ya kikao, inaiita "kiimarishaji". Majina yote mawili yana harufu ya ofisini, na yote mawili yanampoteza fundi.

Mfano mzuri ni Busanza. Mtaa huu wa sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, uko upande wa uwanja wa ndege wa Kigali, na gari la safari lililoinuliwa inchi mbili likitoka hapo lina njia mbili zisizofanana hata kidogo. Likielekea kaskazini linapata lami ya Musanze, inayopanda na kujikunja milimani. Likielekea mashariki linaishia kwenye njia za vumbi za Hifadhi ya Akagera. Kwenye lami, mwenye Land Cruiser analalamika kwamba gari linalala kila kona. Akiwa amejifunza istilahi mpya, atamwambia fundi kwamba "linayumba".

Hapo ndipo kazi inapoharibika. Gari linaloyumba ni gari lisiloshika njia: linavuta kushoto, linavuta kulia, usukani unatetema. Fundi aliyeambiwa hivyo atakagua tairodi, bearingi na mpangilio wa magurudumu, na atakuwa na haki kabisa. Uchumi huyumba, mlevi huyumba. Vyote viwili hupoteza mwelekeo. Gari linalolala kwenye kona halijapoteza mwelekeo hata kidogo. Magurudumu yanafuata barabara sawasawa, ila bodi iliyo juu yake inainamia upande wa nje wa kona. Hizo ni kasoro mbili, na dawa zake ni mbili.

"Kiimarishaji" kina dhambi kubwa zaidi, kwa kuwa kimejivika kilemba cha elimu. Waliokitunga walitazama neno la Ulaya linalotokana na Kilatini *stabilis*, yaani kinachosimama imara, wakatafuta kamusini, wakapata "imara", wakafunga jalada. "Imara" lenyewe lina mzizi wa Kiarabu wa kujenga na kuishi, mzizi huohuo uliotupa "umri". Ni neno la nyumba. Linafaa nguzo, linafaa msingi, linafaa hata ndoa, lakini nondo hii haisimamishi kitu. Kazi yake ni kusokotwa. Imekunjwa mfano wa herufi U, katikati inashikwa na bushi, na mikono yake miwili inaunganishwa kwa linki, ili upande mmoja wa gari ujue upande wa pili unafanya nini. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, nondo inazunguka tu ndani ya bushi zake bila kufanya kazi yoyote. Gurudumu moja likipanda na jingine likishuka ndipo inaposokotwa, na ukinzani wake ndio unaorudisha bodi.

Tena, waandishi wa "kiimarishaji" waeleze jambo moja. Nissan ilitengeneza Patrol yenye swichi ya kuachia nondo ya nyuma dereva anapoingia pabaya. Jeep Wrangler Rubicon huachia ya mbele kwa kubonyeza kitufe. Toyota iliingia gharama ya mfumo wa haidroliki wa KDSS, uliobuniwa na kampuni ya Kinetic ya Australia, kwa sababu hiyohiyo: porini nondo ngumu hulizuia gurudumu lisishuke shimoni kutafuta ardhi, na gurudumu linaloning'inia hewani halivuti gari. Nani huondoa uimara anapoingia penye hatari? Jina likishindwa kueleza tendo la kila siku la watu wa kazi hiyo, kosa si la watu.

Neno lipo, na lilikuwapo kabla ya gari lolote kukanyaga Afrika Mashariki. Mabaharia wa pwani wana "mrama": mwendo wa chombo kinacholalia ubavu huu kisha ule kwa kupigwa na mawimbi. Chombo kinakwenda mrama. Kamusi za mwanzo wa karne ya 20 zililieleza kwa maana hiyo ya baharini kabla halijawa msemo wa mambo yaliyoharibika. Mabaharia hao walijua pia kwamba chombo kitupu kinalala kuliko chenye uzito chini, ndiyo maana wakapakia farumi, mawe au mchanga, tumboni mwa jahazi. Mwenye gari anayeinua springi, kisha akafunga keria, hema na madumu ya mafuta juu ya paa, anapakia farumi kichwani. Kitovu cha uzito kinapanda, nguvu ya kona inapata wenzo mrefu zaidi, na bodi inalala.

Kuna watakaosema Kigali iko mbali na bahari. Basi na waache "usukani", ambao ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Waache "shehena". Wamwondolee "rubani" jina lake, yeye anayetua Kanombe kila siku akiwa na jina la mwongoza meli. Na huko Masaka, katika wilaya hiyohiyo ya Kicukiro, watafute namna nyingine ya kuita bandari kavu. Kiswahili, ambacho bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kilifika bara kikiwa na chumvi mdomoni, na hakuna aliyelalamika.

Pingamizi kwamba "mrama" sasa ni neno la balaa halina uzito. Msemo haujaua maana yake ya kwanza. Zaidi ya hapo, gari la kilo 2,500 linalolala kwenye mteremko kweli limo njiani kuelekea balaa.

Yupo pia mpinzani mmoja, mpenzi wa ngalawa, anayetaka "matengo", yaani vile vielea vya pembeni. Wazo ni zuri kwa shairi. Matengo hukaa nje ya chombo na huelea. Nondo hukaa chini ya chesi na husokotwa.

Kwa hiyo, "nondo ya mrama". Haihitaji "kizuia", wala ile "kinza" inayobandikwa siku hizi mbele ya kila nomino ili ifanane na Kizungu. Dawa ya kikohozi haileti kikohozi, na dawa ya mbu hainyweshwi mbu. Kiswahili kina "-a" ya uhusiano inayobeba maana ya kupinga bila kelele, na kila mtoto aliyetumwa dukani anaijua. Mafundi wataendelea kusema "stabilaiza", na wale waliofundishwa kwa Kifaransa watataja *barre*. Hao wana udhuru, wanafanya kazi. Wenye kutunga orodha hawana.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: ugumu wa nondo ya mrama hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo kutoka milimita 25 hadi 28 ugumu unaongezeka kwa takriban asilimia 57. Gari likishainuliwa, linki ndefu zaidi hurudisha mikono ya nondo kwenye ulalo wake. Bushi zilizokwisha hubadilishwa kwanza, kabla ya kununua nondo mpya. Wingi wake ni "nondo za mrama".