Mama Chini ya Shuka

Chukua picha ya mtoto mchanga iliyopigwa studio huko Uingereza au Marekani miaka ya 1860. Mtoto kavaa gauni jeupe, macho makavu, hacheki. Nyuma yake kuna kitu kama kiti kilichofunikwa shuka. Kaza macho. Kumbe si kiti, ni mtu! Kuna mkono umetokeza kwenye kitambaa, umemshika mtoto kiunoni.

Mara nyingi alikuwa mama mwenyewe, pengine yaya au msaidizi wa studio. Leo picha za aina hii huitwa za "mama aliyefichwa". Mwaka 2013 msanii wa Italia, Linda Fregni Nagler, alionyesha mamia ya picha hizo kwenye maonyesho ya Venice, na wengi wakaanza kuziangalia upya.

Mama alifichwa kwa sababu ya kamera yenyewe. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupiga picha kwenye kioo kilichopakwa kolodioni. Ilikuwa ya haraka kuliko zilizotangulia, ila haraka ya enzi hizo bado ilidai utulie kwa sekunde kadhaa. Mtu mzima atajikaza. Mtoto wa miezi minane, thubutu! Akigeuza kichwa kidogo tu, uso unakuwa ukungu. Basi mama akaingia chini ya shuka, akamshika. Baadaye picha ikivishwa fremu yenye tundu la duara, mama hufichika kabisa, anabaki mtoto peke yake.

Ndiyo maana tunadhani watu wa zamani hawakuwa na hisia. Tunazitafuta usoni mwa mtoto, kumbe ziko kwenye vile vidole. Uso ule umeagizwa utulie. Vidole havikupangiwa kuonekana, na hapo ndipo ukweli ulipoponyoka.

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ikaanza kuuza kamera ya Brownie kwa dola 1. Picha ikahama studio, ikaja uani. Kwenye mwanga wa jua mtoto aliweza kunaswa akicheka, akilia, akiwa na matope mdomoni. Mama naye akatoka chini ya shuka. Lakini mara nyingi alitoka akaenda kusimama nyuma ya kamera, na huko nako haonekani. Pengine kinachomwonyesha ni kivuli chake tu, kimelala kwenye majani mbele ya mtoto.

Simu zetu hazijabadilisha sana jambo hili. Kuna nyumba zenye picha elfu tatu za mtoto, akioga, akinuna, akicheka mpaka machozi, na za mama hazifiki kumi. Yule anayechekewa ndiye asiyekuwepo. Tunasema nani kama mama, halafu albamu nzima haina sura yake. Mtoto akikua atajiona vizuri sana. Swali ni kama atajua alikuwa anamchekea nani.