Kuzuia Madoa Yasirudi kwenye Meno Yaliyong'arishwa

Weupe wa meno yaliyong'arishwa hufifia kidogo kidogo, na kasi yake hutegemea sana kinachopita mdomoni kila siku.

Kiini cha dawa ya kung'arisha meno ni hidrojeni peroksidi, au karbamidi peroksidi ambayo huizalisha polepole. Hupenya enameli na kuvunjavunja chembe za rangi. Nchini Australia, dawa hafifu hupatikana dukani. Lakini sheria ya huko imeweka mpaka, kwamba inayozidi 6% ya hidrojeni peroksidi au 18% ya karbamidi peroksidi ni ya wataalamu wa meno peke yao.

Baada ya tiba, enameli huwa imekaukiwa maji. Ndiyo maana madaktari wengi huagiza vyakula visivyo na rangi kwa saa 48: ugali, wali mweupe, samaki, mtindi. Mchuzi wa bizari, kahawa na divai nyekundu husubiri. Tafiti kadhaa hazikuona tofauti kubwa kati ya waliofuata agizo hilo na wasiolifuata, ila halimgharimu mtu kitu.

Kinachodumu ni mazoea, na hapa chai inastahili kutazamwa kwa makini. Tanini zake hushika kwenye utando wa mate unaolifunika jino. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walionyesha kwamba kutia maziwa hupunguza madoa ya chai, kwa kuwa kaseini ya maziwa huzinasa tanini kabla hazijafika kwenye jino. Kwa familia za Afrika Mashariki zilizozoea chai ya maziwa, hiyo ni habari njema kweli; chai ya rangi ndiyo ya kupunguza. Sigara na tambuu, ambayo katu yake huacha wekundu mzito, hurudisha madoa upesi. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini nayo huacha ukahawia, hasa ikikutana na chai.

Maji ya kusukutua baada ya kikombe husaidia, na mswaki asubuhi na usiku huondoa ukoga unaobeba rangi. Baada ya soda au juisi ya ukwaju ni vyema kungoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana asidi hulainisha enameli. Unga wa mkaa wa kusugulia meno hukwaruza. Jino lililokwaruzwa hushika rangi zaidi.

Yapo madoa ambayo hayakutoka kikombeni, bali kwenye floridi iliyozidi katika maji. Maji ya bomba ya Sydney yametiwa floridi tangu 1968, takriban miligramu 1 kwa lita. Lakini Arusha na Nakuru, maji ya visima vingi huzidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekua akiyanywa huweza kupata ukahawia ndani ya enameli yenyewe. Huo haupunguzwi kwa kuacha chai. Humhitaji daktari wa meno.