Siri ya baraza humlinda nani?

Mwaka 1976 daktari Harold Shipman alitiwa hatiani nchini Uingereza kwa kughushi vyeti vya dawa ili ajipatie pethidini. Baraza Kuu la Madaktari lilimjadili faraghani, likampa barua ya onyo, likafunga jalada. Mwaka uliofuata akaanza kutibu mjini Hyde. Wagonjwa hawakuelezwa. Mwaka 2000 alifungwa maisha kwa kuua wagonjwa 15. Tume ya Jaji Janet Smith ikahesabu 215.

Sipingi siri malalamiko yanapochunguzwa, maana uzushi huharibu jina la asiye na hatia. Lakini kosa likishathibitika? Mwaka 2004 Jaji Smith alisema baraza lilitazama mno maslahi ya madaktari kuliko usalama wa wagonjwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua.