Marfan, Maradhi ya: Mazoezi na Afya ya Moyo

Maradhi ya Marfan, yaliyopewa jina la Antoine Marfan, tabibu wa watoto wa Paris aliyeyaeleza mwaka 1896, ni ila ya kurithi inayodhoofisha tishu unganishi, na asili yake ni kasoro katika jeni ya protini iitwayo fibrilini, iliyotambuliwa mwaka 1991. Mwenye nayo aghalabu huwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole virefu. Lakini hatari yenyewe imo katika aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ambao kuta zake hutanuka mwaka hata mwaka, hata zikachanika.

Msiba uliowazindua wengi ni ule wa Flo Hyman, Mmarekani wa kimo cha sentimita 196, aliyepata nishani ya fedha ya voliboli Los Angeles mwaka 1984. Tarehe 24 Januari 1986, mjini Matsue, Japani, alitolewa mchezoni apumzike, akaketi benchini, akaanguka, akafa. Na maradhi hayakujulikana ila baada ya maiti kuchunguzwa, ilhali kimo kile kilichomfaa wavuni kilikuwa mojawapo ya dalili zake. Ndugu yake wa kiume, alipopimwa baadaye, alikutwa nayo, akapasuliwa.

Haifai, hata hivyo, kumwamuru mgonjwa aketi kitako maisha yake yote. Hiyo ni hadhari iliyopita kiasi, kwani hatari hutegemea aina ya zoezi. Anyanyuaye chuma kizito huku amebana pumzi, shinikizo lake la damu laweza kupita milimita 300 za zebaki kwa mpigo mmoja, na aota ndiyo inayolipokea. Bali atembeaye, au aogeleaye taratibu, au aendeshaye baiskeli pasipo na kilima, shinikizo lake hupanda kwa kiasi, na misuli na mifupa yake hufaidika. Akiweza kuzungumza bila kutweta, hajavuka mpaka. Wala asitegemee kuhesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa apewazo aghalabu, mathalani propranololi, huyazuia yasipande, akadhani hajajikalifu kumbe amejikalifu. Ndondi, mieleka na mashindano ya mpira wa kikapu ayaache.

Aota hupimwa kila mwaka kwa mawimbi ya sauti, na ikikaribia milimita 50 kwa upana hubadilishwa sehemu yake kwa upasuaji, kabla haijachanika. Aliyepasuliwa naye hana ruhusa ya kurudia vyuma, maadamu sehemu ya aota iliyosalia ni ya tishu ile ile.