Maji kwa Kipimo

Mlima Elgon unazungukwa na miji mitatu inayolaza watoto wanaohara: Kitale mashariki, Bungoma kusini, na Mbale upande wa Uganda. Katika mwongozo wa matabibu wa Kenya kuna ukurasa wa kuhara, na ukurasa huo ulisafiri sana kabla ya kufika kwenye wodi za watoto za Kitale na Bungoma.

Ulianzia Dhaka mwaka 1968, madaktari walipoonyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji kwa kunywa. Sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilijaza wakimbizi Bangaon, India, na dripu zikaadimika. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya glukosi, chumvi na magadi soda, akawakabidhi jamaa za wagonjwa wawanyweshe. Vifo vikashuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya wanne.

Kujua ni jambo moja, kutenda ni jingine. Kati ya 2006 na 2008 hospitali nane za wilaya nchini Kenya zilipewa mwongozo wa kutibu watoto. Nne ziliongezewa mafunzo marefu, msimamizi wa papo hapo na ziara za ufuatiliaji. Hizo nne ndizo zilizobadilika zaidi.

Kisha likaja somo zito, na Mbale ilikuwemo. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, uligundua kwamba kumwagia dripu ya haraka mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri kuliongeza vifo: watatu zaidi katika kila mia. Watoto wa kuhara hawakuingizwa katika utafiti huo. Kwa hiyo tabibu lazima atofautishe watoto wawili wanaofanana kwa unyonge, wa homa na wa kuhara. Hubana ngozi ya tumbo aone kama inachelewa kurudi, hutazama macho yaliyodidimia, hushika mikono ahisi kama ni baridi. Aliyekaukiwa kiasi hunyweshwa mililita 75 za ORS, yaani maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo, kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa nne. Aliyezidiwa kwa kuhara huwekewa dripu bila kuchelewa. Mwenye utapiamlo mkali ana njia yake, ya tahadhari zaidi. Naamini hapa ndipo mwongozo unapookoa maisha: katika kumzuia tabibu mwenye haraka.

Vijijini kazi bado ni kubwa. Utafiti uliofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga uligawa klorini, sabuni na vyoo bora. Matokeo ya 2018 yakaonyesha kuhara kwa watoto hakukupungua. Wodi haijapumzika. Mama huruhusiwa akiwa na pakiti za ORS na zinki ya siku 10 hadi 14, ambayo mtoto ataendelea kupewa hata kuhara kukikoma, huku maji ya nyumbani yakichotwa kwenye chemchemi ile ile.