Sehemu Moja ya Mia ya Sekunde Iliyoipa Suriname Dhahabu

Zikiwa zimebaki mita chache, Matt Biondi ndiye aliyekuwa mbele. Ilikuwa tarehe 21 Septemba 1988, jijini Seoul, fainali ya Olimpiki ya mita 100 mtindo wa kipepeo. Mmarekani huyo, mwenye urefu wa karibu mita mbili, alikuwa amekwenda Korea Kusini kusaka medali saba, na hii ilikuwa mojawapo ya zile alizotarajiwa kuzoa.

Alipoukaribia ukuta, akajikuta katikati ya mapigo mawili. Ukuta ulikuwa karibu mno kurusha mikono tena, na ulikuwa mbali kidogo kuufikia. Akaamua kuteleza, mikono kaitanguliza mbele. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa akimfukuza kwa nyuma akafika na pigo lililokamilika, viganja vyote viwili vikagonga ukuta. Ubao wa matokeo ukaandika: Anthony Nesty wa Suriname, sekunde 53.00, Biondi, 53.01.

Wapo waliosema kwamba Biondi ndiye aliyeipoteza dhahabu, si Nesty aliyeishinda. Huko ni kumnyima mtu haki yake. Kugusa ukuta ni sehemu ya mbio sawa na kuruka majini, na muogeleaji hufundishwa kupanga mapigo yake ili ukuta umkute mikono ikiwa mbele. Kibao cha umeme kilichofungwa ukutani hupokea mguso, hakijali kichwa cha nani kilitangulia. Mwaka 1960 mjini Rome, fainali ya mita 100 mtindo huru iliamuliwa kwa macho ya waamuzi, wakampa ushindi John Devitt wa Australia ingawa saa zilimpendelea Mmarekani Lance Larson. Ubishi wake haujaisha hadi leo. Laiti Nesty angeogelea zama hizo, nani angemwamini?

Alizaliwa Trinidad tarehe 25 Novemba 1967, akapelekwa Suriname angali mtoto mchanga. Siku alipotimiza miaka minane ndiyo siku nchi hiyo ilipopata uhuru kutoka Uholanzi. Akiwa na miaka mitano alikuwa ameshaanza kuogelea, katika nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50. Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 aliishia nafasi ya 21. Baadaye akaenda Florida, katika shule ya Bolles mjini Jacksonville, akanolewa na kocha Gregg Troy.

Nesty alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja katika kuogelea. Enith Brigitha, mzaliwa wa Curaçao, alikuwa ameiletea Uholanzi shaba mbili mwaka 1976. Kabla na baada yao, watu waliojiita wataalamu walidai kwamba mwili wa mtu mweusi haukuumbiwa maji. Tatizo halikuwa mwili. Wengi walikuwa wamefungiwa nje ya mabwawa.

Nyumbani alipokewa kwa shangwe. Sarafu na stempu zikatolewa kwa heshima yake, na ukumbi wa michezo wa Paramaribo ukapewa jina lake. Jina hilo likaandikwa pia kwenye ndege ya shirika la taifa, DC-8, ambayo tarehe 7 Juni 1989 ilianguka karibu na Paramaribo ikitoka Amsterdam. Watu 176 walikufa, wakiwemo wanasoka wengi wenye asili ya Suriname waliokuwa wakicheza Uholanzi. Furaha na msiba vikabeba jina moja, ndani ya mwaka mmoja.

Yeye aliendelea kuogelea. Mwaka 1991 alitwaa ubingwa wa dunia mjini Perth, na mwaka 1992 akachukua shaba ya Olimpiki Barcelona, zote katika mbio zilezile. Mbio hizo ziliamuliwa tena kwa sehemu moja ya mia ya sekunde mwaka 2008 mjini Beijing, Michael Phelps akimpiku Milorad Čavić. Jason Dunford wa Kenya alimaliza wa tano katika fainali hiyo.

Leo Nesty ni kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Florida, ambako amewanoa Katie Ledecky, Caeleb Dressel na Bobby Finke. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 aliongoza kikosi cha wanaume cha Marekani, mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya Olimpiki ya kuogelea ya nchi hiyo. Suriname yenyewe ilitoka Paris ikiwa na jumla ileile ya medali za Olimpiki katika historia yake: mbili, na zote ni za Nesty.