Tanuri, Vumbi na Floraidi: Hatari za Uchenjuaji wa Metali kutoka Malungu ya Ufipa hadi Ngualla

Insha hii inachunguza swali moja: katika historia ya kutoa metali ndani ya mwamba, hatari kwa afya ya mfanyakazi na ya jirani yake hukaa wapi? Maandishi mengi kuhusu usalama wa kemikali hujibu kwa kutaja dutu: hii ni sumu, ile si sumu. Jibu la namna hiyo halimtoshelezi mwanahistoria. Dutu ileile huweza kulala ardhini kwa mamilioni ya miaka bila kumdhuru mtu, kisha ikaua ndani ya saa moja pale inapokutana na asidi au moto. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hatari hufuata hatua ya kazi, na kwamba historia ya hatari hiyo ni historia ya kuamua hatua ipi ifanyike wapi, na nani awe karibu nayo. Mifano inayotumika ni miwili, na yote imo kandokando ya Bonde la Rukwa: tanuri za chuma za Wafipa, na madini adimu ya Ngualla, yaliyo upande wa pili wa bonde hilo, mkoani Songwe.

Uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ulikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya uyeyushaji wa chuma katika Tanganyika ya magharibi kabla ya jembe la dukani kuua soko lake. Tanuri ndefu, malungu, zilijengwa kwa udongo wa vichuguu hadi kimo cha takriban mita 3, na baadhi ya mabaki yake yanaonekana hadi leo wilayani Nkasi. R. Wise aliandika habari za kazi hiyo na miiko yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1958. Baadaye mwanaakiolojia Bertram Mapunda alionyesha kwamba malungu ni teknolojia moja tu kati ya kadhaa zilizofuatana katika eneo hilo.

Jambo linalofaa kutazamwa kwa makini ni mgawanyo wa kazi katika hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, ilungu lilijazwa mkaa na mawe ya chuma, likawashwa, na moto ukajiendesha wenyewe kwa hewa iliyovutwa kupitia matundu ya chini. Hapakuwa na haja ya mtu kukaa ubavuni mwa tanuri akivukuta. Katika hatua ya pili, bonge lililopatikana, ambalo bado lilikuwa limechanganyika na mavi ya chuma, lilisafishwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo mivukuto ilihitajika. Mivukuto maana yake ni watu walioketi hatua chache kutoka kwenye mkaa unaowaka, wakivuta joto, vumbi la majivu na gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kwa maoni yangu, tanuri kubwa lililowashangaza wageni lilikuwa salama zaidi kuliko lile dogo ambalo wengi walilipita kwa aya moja.

Inafaa kuonya hapa dhidi ya tafsiri nyepesi. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, intangala, na kazi ilizungukwa na miiko, hasa ya kujitenga na tendo la ndoa. Wapo watakaotamani kusema kwamba miiko hiyo ilikuwa kanuni za usalama kazini zilizovishwa vazi la matambiko. Ushahidi hauruhusu kufika huko. Miiko ililenga kulinda mafanikio ya chuma, kwa kuwa tanuri lilifananishwa na mwili wa mwanamke na uyeyushaji na uzazi. Mapafu ya wavukutaji hayakuwa shabaha yake. Kumsifu babu kwa jambo ambalo hakulikusudia ni namna nyingine ya kutomsikiliza.

Ukisimama juu ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa ukatazama mashariki, ng'ambo ya ziwa, ndiko iliko Ngualla. Huko kuna mwamba wa kabonataiti wenye madini adimu, na mwaka 2017 akiba yake ilitangazwa kuwa takriban tani milioni 18.5 zenye wastani wa asilimia 4.8 ya oksaidi za metali hizo. Madini yenyewe ni bastinasaiti, muungano wa kaboneti na floraidi ya seriamu, lanthanamu na jamaa zake. Jina lake limetokana na mgodi wa Bastnäs nchini Sweden. Mawe ya mgodi huohuo ndiyo yaliyowawezesha Berzelius na Hisinger kuitambua seriamu mwaka 1803.

Floraidi za metali adimu haziyeyuki kirahisi katika maji, ndiyo sababu kuzigusa kwa mkono mkavu hakuleti madhara makubwa. Hatari yake ya kwanza ni vumbi. Katika karne ya 20 zilitiwa ndani ya vijiti vya kaboni vya taa za arki ili kuongeza mwanga, na taa hizo zikatumika katika majumba ya sinema na viwanda vya uchapaji picha. Baadhi ya wachapaji waliokaa miaka mingi karibu na moshi wake walipatikana na ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi, na chembe za seriamu zikakutwa mapafuni mwao muda mrefu baada ya kuacha kazi. Kinga dhidi ya vumbi inajulikana: kulowanisha, kuvuta hewa kwa mashine, barakoa inayofaa, na kutokula wala kuvuta sigara mahali pa kazi. Kikomo kinachotumiwa na nchi nyingi ni miligramu 2.5 za floraidi katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa nane.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo huzaliwa kiwandani. Bastinasaiti ikichomwa pamoja na asidi ya salfuriki, florini hutoka kama gesi ya haidrojeni floraidi. Gesi hiyo, au asidi yake, hupenya ngozi, huifunga kalsiamu ya mwili na huweza kuusimamisha moyo hata pale jeraha la nje linapoonekana dogo. Kwa hiyo kiwanda cha aina hiyo hakina budi kuwa na maji tele ya kuosha na jeli ya kalsiamu glukoneti karibu na kila zamu. Njia ya magadi makali huepusha gesi, lakini florini haipotei. Huhamia katika maji ya kuoshea, nayo sharti yatibiwe. Athari za kumeza au kuvuta floraidi kwa miaka mingi zimejulikana tangu mwaka 1932, Møller na Gudjonsson walipoeleza kukakamaa kwa mifupa ya wafanyakazi wa kriolaiti jijini Copenhagen. Huko Baotou, China, unakochenjuliwa mwamba wa Bayan Obo, floraidi ya viwandani ilivuka ukuta wa kiwanda ikawafikia wakulima na mifugo yao.

Ukilishika swali la hatua, historia fupi ya Ngualla inasomeka vingine. Mpango wa awali wa kampuni ya Peak Resources ulikuwa kuzalisha makinikia Ngualla na kuyasafisha Teesside, Uingereza. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilitoa leseni kubwa ya uchimbaji kwa kampuni ya ubia, Mamba Minerals, ambamo Serikali ina asilimia 16. Baadaye Teesside iliwekwa kando, na mnunuzi wa makinikia akawa Shenghe Resources ya China. Katika mipango yote hiyo, kazi ya kusaga na kutenga, yaani vumbi, inabaki Songwe. Kazi ya kuvunja kifungo cha florini inafanyika kwingine, pamoja na sehemu kubwa ya thamani.

Hapo ndipo penye mvutano. Tangu zuio la makinikia ya dhahabu na shaba mwezi Machi 2017, na sheria ya mwaka huo kuhusu mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya maliasili zake, sera ya Tanzania imetaka uongezaji thamani ufanyike nchini. Dai hilo ni la haki, na mtafiti wa uchumi hulipigia hesabu za ajira na mapato. Hesabu ambayo ni nadra kuandikwa ni kwamba kiwanda kikija, florini nayo inakuja. Kintengwe kinarudi nyumbani, na watu wake wa mivukuto pia.

Vyombo vya kuisimamia hatua hiyo vipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda iliyorithiwa kutoka mwaka 1950, na mwaka huohuo zilitungwa sheria za kemikali za viwandani na majumbani na ya nguvu za atomu. Hii ya mwisho inahusika kwa sababu madini adimu huandamana na thoriamu, ingawa Ngualla ina kiasi kidogo ikilinganishwa na migodi mingine ya aina yake. Lakini kuhusu floraidi nchi hii ina kumbukumbu ya tahadhari. Mwaka 1974 kiwango cha muda cha floraidi katika maji ya vijijini kiliwekwa kuwa miligramu 8 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani baadaye lilipendekeza 1.5. Kiwango hicho kilipimwa kwa uwezo wa kuleta maji mengine, kwa kuwa huko Arusha na maeneo jirani mbadala haukuwapo, na watoto wakaendelea kuota meno ya kahawia. Kituo cha Ngurdoto kilihangaika kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa ili kupunguza floraidi hiyo majumbani. Huko kaskazini floraidi iliwekwa ardhini na volkano, na hapakuwa na leseni ya kuizuia.

Rukwa haiko hivyo, angalau bado. Ziwa lake halina mto unaotoka: kinachoingia hubaki, na maji hupungua kwa kukauka tu. Wavuvi na wakulima wa mpunga wa Muze, Mtowisa na Ilemba, chini ya ukingo wa Ufipa, wako mkoa mwingine na ule wenye leseni, lakini bonde ni moja. Iwapo siku moja tathmini ya mazingira ya kiwanda cha kusafisha itaandikwa, vipimo vya floraidi vya visima na samaki wa upande wa Sumbawanga vinapaswa kuchukuliwa kabla ya tanuri la kwanza kuwashwa, maana baada ya hapo hakutakuwa na maji ya zamani ya kulinganisha nayo.